Maneno Madogo Yenye Alama Nyingi

Wachezaji wengi wa Scrabble ya Kiingereza wakishika Q bila U hukata tamaa. Mimi nasema wasiogope: kuna maneno ya kuwaokoa.

Alfred Butts, msanifu majengo wa New York aliyebuni mchezo huu miaka ya 1930, alihesabu herufi magazetini ili apange thamani zake. Q ikawa adimu, ikapewa kipande kimoja tu kati ya 100, na alama 10.

Neno ninalomfundisha kwanza kila anayeanza ni QI, yaani nguvu ya uhai katika falsafa ya Kichina. Herufi mbili, alama 11! Kisha QANAT: mfereji uliochimbwa chini kwa chini, kama walivyofanya Waajemi, kuteremsha maji kutoka milimani hadi mashambani. Oman nako wanayo mifereji ya jamii hiyo.

Ukiishiwa irabu, weka CWM, neno la Kiwelisi: bonde la mlimani lenye umbo la bakuli, lililochongwa na barafu. Kwa Wawelisi, W hapo husomeka kama u.

Nasi Waswahili tumechangia. Orodha ya Collins, inayotumika katika mashindano mengi ya kimataifa, inakubali MZEE, alama 15, na wingi wake wa Kiingereza, MZEES.

Ushauri wangu: usikariri tahajia peke yake. Jifunze neno pamoja na maana yake na lilikotoka. Neno unalolielewa hukujia lenyewe saa inapokimbia, na hata ukishindwa mchezo, maarifa unabaki nayo.