Mpaini wa Asia: Mbao Njema, Bali Si kwa Kila Kazi

Mkazi wa Segese anapoezeka nyumba kwa bati, mara nyingi kenchi zake huwa za mbao za mpaini, mti ambao vitabuni huitwa msonobari. Mipaini ina aina nyingi. Mmojawapo ni Pinus kesiya, ambao asili yake ni milima ya Khasi nchini India, ukienea kupitia Myanmar, Thailand na Vietnam hadi Ufilipino. Kwa kuwa hustahimili kiangazi cha miezi kadhaa, ulipandwa kwa wingi katika Ukanda wa Shaba nchini Zambia, ili migodi ya huko ipate mbao.

Mti huu hutoa mbao za kenchi, dari, samani na masanduku, pamoja na malighafi ya karatasi. Utomvu wake hukamuliwa na kukenekwa kupata tapentaini, inayotumika katika rangi na vanishi.

Hata hivyo, mbao za mpaini zina udhaifu mkubwa: zisipotiwa dawa huliwa na mchwa na kuoza upesi zikigusa udongo wenye unyevu. Mchimbaji mdogo anayezifanya matimba ya duara huweka maisha yake hatarini, kwani mti hulegea ilhali uzito wa ardhi haupungui.

Wananchi wanashauriwa yafuatayo:

1. Rangi ya kijani pekee si uthibitisho wa dawa. Omba ubao ukatwe, uone kama dawa imepenya ndani au imepakwa juu tu.

2. Masalia ya mbao za dawa yasitumike kama kuni wala kuchomwa. Baadhi ya dawa hizo zina aseniki, ambayo ni sumu.

3. Anayetaka kupanda mpaini aanze na miche michache. Shinyanga hupata mvua chache kuliko Ukanda wa Shaba, na mpaini ukikatwa hauchipui tena kutoka kwenye kisiki.

Kwa kuni na nguzo, ngitili bado ni hazina yetu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, ulionesha kuwa eneo likipumzishwa, miti ya asili huchipua yenyewe, bila gharama ya miche.

Kabla ya kupanda, au kukata miti ya asili, mwananchi afike ofisi ya Mtendaji wa Kata ili aelekezwe kwa Afisa Misitu wa Halmashauri.