Albamu Haina Jina? Utaipa Wewe

Hebu shika simu utafute albamu isiyo na jina. Utaandika nini pale? Siku hizi msanii akitoa kazi hivyo utadhani amefungua duka akasahau kuweka mlango. Lakini kuna waliofanya makusudi, na ikauza ile mbaya.

Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, walikuwa wamechoshwa na wahakiki. Albamu yao ya tatu, ya 1970, ilichambwa. Kuna waliodai watu wananunua sifa tu, si muziki. Mpiga gitaa Jimmy Page akaona sawa, basi tuwape muziki mtupu. Novemba 1971 ikatoka ya nne. Jalada halikuwa na jina la albamu wala la bendi, ni picha tu ya mzee amebeba mzigo wa vijiti mgongoni, imetundikwa kwa ukuta uliobambuka. Ndani, kila mmoja wa wale wanne alikuwa na alama yake. Kampuni yao, Atlantic, haikutaka kabisa. Na ni wewe, si ungekataa pia? Muuza santuri atamwambia mteja nini?

Wateja walijipanga. Wengine wakaiita Led Zeppelin IV, wengine Zoso, maana alama ya Page inasomeka hivyo ukiikodolea macho. Imeuza zaidi ya nakala milioni 30. Yule mzee naye alikaa miaka 50 na ushee bila kujulikana, hadi 2023 mtafiti mmoja alipomtambua: Lot Long, fundi wa kuezeka nyasi wa Wiltshire, karne ya 19.

Kendrick Lamar naye alitoa untitled unmastered. mwaka wa 2016, nyimbo nane zenye nambari na tarehe badala ya majina. Naipenda, lakini huo ni ujanja. "Haina jina" tayari ni jina, na simu inaipata.

Sasa wewe mwenye ngoma sita kwa laptopu, unayetaka kuzitoa bila jina ndio uonekane mzito: Zeppelin walikuwa washauza albamu tatu. Watu walijua sauti yao kabla ya kuona jalada. Wewe hata jirani hajui kelele za usiku ni zako. Hizo sita zipe jina. Ukifika ya nne nitumie, nitaiita nitakavyo.