Wavu wa papa unavyomtishia silikanti wa Tanga

Ukifika Soko la Samaki Feri, Magogoni, asubuhi na mapema, papa huwa hakosi. Kuna mbichi, kuna mkavu wa chumvi anayesubiri tui la nazi. Wateja wengi wanauliza bei. Wachache wanauliza kavuliwa vipi.

Mara nyingi jibu ni jarife, wavu wa macho makubwa unaotegwa kwa ajili ya papa na taa. Ni wavu huo huo, ukishushwa kwenye kina kirefu mkoani Tanga, uliomtoa baharini mmoja wa samaki adimu kuliko wote duniani: silikanti.

Silikanti ni nani?

Sio papa. Ni samaki mkubwa wa bluu mwenye mabaka meupe na magamba magumu, na anaweza kukaribia urefu wa mita 2. Mapezi yake yana nyama na mifupa ndani, kama vijiguu.

Wanasayansi waliamini jamii yake ilitoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 hivi iliyopita. Desemba 1938 mmoja akanaswa Afrika Kusini, dunia ikashangaa. Baadaye ikajulikana kwamba wapo pia Comoro.

Tanzania iliripoti wa kwanza mwaka 2003, Songo Mnara, Kilwa. Kuanzia 2004, wavuvi wa Tanga wakawa wanamnasa mmoja baada ya mwingine.

Vinasaba vilisema nini?

Swali likaja: hawa wa Tanga ni wenyeji, au wamesukumwa na mkondo kutoka Comoro?

Watafiti wa Japan na wenzao wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, walichukua sampuli za samaki walionaswa kwa bahati mbaya. Wakalinganisha sehemu ya vinasaba ambayo mtoto huirithi kwa mama pekee. Hiyo inasaidia kufuatilia ukoo, nani ametokana na nani.

Majibu yalitoka 2011. Silikanti wa kusini mwa Tanzania wanafanana na wa Comoro. Wa kaskazini, yaani Tanga, ni kundi lao wenyewe, lililojitenga na wenzao kwa zaidi ya miaka 200,000.

Kwa lugha nyepesi: wa Tanga wakiisha, wa Comoro hawatakuja kuziba pengo.

Kuna tatizo lingine. Tofauti za vinasaba kati ya silikanti mmoja na mwingine ni ndogo sana. Kundi la namna hiyo likikutana na ugonjwa au mabadiliko ya bahari, uwezo wake wa kuhimili unakuwa mdogo.

Anazaa taratibu mno

Utafiti wa magamba uliofanywa Ufaransa na kutoka 2021 ulikadiria kwamba silikanti anaweza kuishi karibu miaka 100. Jike huanza kuzaa akiwa amevuka miaka 50, na mimba yake inachukua kama miaka 5.

Yaani jike mwenye miaka 50 akinaswa leo, huenda hajazaa hata mara moja.

Hapo ndipo anapofanana na papa wa kina kirefu. Nao wanakua polepole na kuzaa kwa nadra. Kwa samaki wa aina hii, wavuvi wachache wanaweza kumaliza kwa miaka michache kilichochukua karne kujengeka.

Sheria ipo, jarife halichagui

Mwaka 2009 Serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Biashara ya kimataifa ya samaki huyu imepigwa marufuku, na yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini zaidi kutoweka.

Lakini hakuna mvuvi anayemtafuta silikanti. Nyama yake ina mafuta mengi, haiuziki. Mvuvi anatafuta papa, kwa sababu papa ana soko. Silikanti anaingia wavuni mwenyewe, na akivutwa juu kwenye maji ya joto, akiwa amechoka, ni nadra kupona.

Kwa hiyo kumwambia mvuvi asivue silikanti hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni jarife kutoshushwa kwenye miteremko na mapango ya kina kirefu anakoishi, na mvuvi kuwa na njia nyingine ya kupata riziki.

Akinaswa kwa bahati mbaya, taarifa ipelekwe hifadhini au TAFIRI. Hata akiwa amekufa, kipande kidogo cha nyama yake kinaweza kuwaonyesha watafiti ni wa ukoo gani.

Na mteja wa Feri? Silikanti hatamkuta mezani. Ila papa atamkuta, na anaweza kuongeza swali moja baada ya bei: huyu kavuliwa wapi, na kwa wavu gani?