Makao ya Mbwa Mdogo Mwenye Hofu

Mjini Kigali, kumtafutia mbwa makao si jambo jepesi. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, mbwa waliokosa wenyewe walikula maiti, na askari wa RPF wakawapiga risasi kwa wingi. Kwa miaka mingi baadaye mbwa walikuwa adimu mjini humo. Kwa hiyo mzee akataaye mbwa asiingie uani asidhaniwe kuwa mkatili. Anayo aliyoyaona, na neno lake lifuatwe hata kama watoto watalia.

Mbwa mdogo aliyeokotwa barabarani mara nyingi huuma kwa hofu, si kwa ukali. Akifyata mkia, akageuza uso na kulamba midomo, anaomba aachwe. Asipoachwa ndipo hung'ata. Nyumba yenye watoto wadogo wapendao kumkumbatia haimfai hata kidogo. Kumfunga mnyororo ati awe mlinzi humzidishia hofu. Amfaaye ni mtu mzima mtulivu, mwenye ua uliozungushiwa ukuta, asiyehamishwa kikazi kila mara, jambo ambalo askari wengi hawawezi kuliahidi. Na mbwa arudishwapo mara kwa mara huwa mgumu zaidi.

Amtoaye aseme wazi kama mbwa huyo amekwisha kuuma, na alikuwa akifanywa nini. Achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile, na mbwa aangaliwe kwa siku 10.