Muuaji Lazima Awe na Jina
Msomaji wa Butembo na riwaya za upelelezi: zipi zinatufaa, zipi zinatupigia kelele tu

Machi 2016 ilitoka ripoti ambayo jina lake lingetosha kuuza riwaya: *Qui sont les tueurs de Beni ?* Wauaji wa Beni ni akina nani? Waliouliza ni watafiti wa Groupe d'étude sur le Congo, kikundi cha Chuo Kikuu cha New York, na mauaji waliyoyachunguza yalianza Oktoba 2014, yakachukua roho za watu zaidi ya 500. Hadi wakati huo wakubwa walikuwa na jibu moja tu mdomoni: ADF, waasi wenye asili ya Uganda. Ripoti ikaonyesha kwamba mambo si mepesi hivyo, na kwamba katika damu hiyo walikuwamo pia askari wa jeshi la taifa, wapiganaji wa zamani wa kundi la uasi la RCD-K/ML na vikundi vya wenyeji.

Naitaja ripoti hiyo kwa sababu kila nikisema kwamba napenda riwaya za mauaji, watu hunikazia macho. Wewe mtu wa Butembo, habari za Beni za kila asubuhi hazikutoshi, mpaka ulale na maiti nyingine kitandani? Wana haki ya kuuliza. Lakini riwaya ya upelelezi haisomwi kwa ajili ya maiti. Maiti hulala kwenye kurasa za kwanza, na kazi yake imekwisha. Kinachosomwa ni kurasa mia mbili zinazofuata, ambamo mtu mmoja anakataa kulipokea jibu aliloletewa. Aliyekufa ni mmoja tu, na kitabu kizima kinasimama kwa ajili yake. Huku kwetu waliokufa kumi na tano hupewa sentensi mbili redioni, kisha yanakuja matangazo ya sabuni.

Kwa kipimo hicho cha kulikataa jibu lililoletwa nimesoma, katika siku za ville morte, mji ukiwa umefungwa, na jioni za kuvrefe, yaani amri ya kutotoka nje, riwaya kadhaa za Kiswahili na za Kifaransa. Za Tanzania hazifiki hapa kirahisi. Kuna zinazovuka mpaka wa Kasindi ndani ya begi la msafiri, kuna tunazosomea kwenye simu. Za Kifaransa huja kwa mtumba na kwa kuazimana, mara nyingi bila jalada, na mara moja moja bila ukurasa wa mwisho, jambo ambalo kwa aina hii ya kitabu ni dhambi isiyosameheka.

Bwana Msa na jibu la mzimu

Nianze na baba wa riwaya hizi za Kiswahili. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la hadithi la mwaka 1957–58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, na kitabu kikatoka mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, huvuta kiko, hufuatana na rafiki yake Najum, na humwachia Inspekta Seif sifa za kiserikali. Anayemjua Sherlock Holmes atamtambua mara moja mjomba wake wa Unguja.

Ila Abdulla hakuazima tu. Mtu mwenye mali anakutwa amekufa mahali pa mzimu, mahali ambapo watu hawapiti bila hofu. Jibu lipo tayari, limekwisha kupikwa: wazee wa kale wamekasirika. Nani atathubutu kuuliza zaidi? Na hicho ndicho anachokitegemea muuaji. Bwana Msa hatukani imani ya mtu wala hacheki. Anauliza tu nani alikuwa wapi, nani anarithi nini, nani anajua nini kuhusu ukoo wa nani. Padri mmoja Mwingereza, Ronald Knox, aliwaandikia watunzi amri kumi za riwaya ya upelelezi mwaka 1929, na mojawapo ilipiga marufuku nguvu za mizimu kuwa suluhisho. Bwana Msa aliitii amri hiyo katika nchi ambako kuitii kulikuwa na gharama.

Kasoro zake ninazijua. Mazungumzo ni marefu, bahati nzuri humkuta Bwana Msa mara nyingi mno, na Kiswahili chake cha Unguja kinatulazimu sisi wa Kivu kusoma taratibu. Mwanzoni nilisoma kwa kuruka. Baadaye nikaacha kuruka, maana Abdulla huficha ushahidi ndani ya porojo: sentensi ya mtu anayemimina kahawa ndiyo itakayomfunga sura nane baadaye. Siri za mirathi na za uzazi ndizo injini ya vitabu vyake, *Kisima cha Giningi* kikiwemo, na mtu wa Butembo anayejua kesi za mashamba hahitaji kufafanuliwa.

Jibu lililopikwa tayari

Huku kwetu nako, tarehe 2 Januari 2014, Kanali Mamadou Ndala, aliyejipatia jina kwa kupigana na waasi wa M23, aliuawa ndani ya gari lake nje kidogo ya mji wa Beni. ADF wakatajwa haraka. Novemba mwaka huohuo mahakama ya kijeshi iliyoketi Beni ikamhukumu kifo luteni kanali wa jeshi lilelile alilolitumikia marehemu. Hukumu ilitoka, maswali yakabaki mitaani. Riwaya hufungwa pale msomaji anaporidhika. Mahakama hufunga pale inapotamka.

Wakati wa Ebola, iliyodumu toka Agosti 2018 hadi Juni 2020 na kuua watu 2,287, tuliona upande wa pili wa jibu hili lililopikwa tayari. Tarehe 19 Aprili 2019, Dakta Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, alipigwa risasi akafa katika kliniki za Chuo Kikuu cha Graben hapa Butembo. Kabla jua halijazama, kila baa na kila kituo cha pikipiki kilikuwa na muuaji wake. Tetesi haina haja ya ushahidi, na wala haimuulizi mtu alikuwa wapi saa tisa alasiri. Bwana Msa angekaa kimya, akashindilia kiko.

Bunduki nyingi, maswali machache

Elvis Musiba ni wa mwendo mwingine kabisa. *Kufa na Kupona* ya mwaka 1974 ilimleta Willy Gamba, jasusi wa Kitanzania mwenye ngumi, bastola na nguo nzuri. *Kikosi cha Kisasi* ya mwaka 1979 inamleta mpaka Kinshasa, enzi hizo Zaire, kuwasaka wanaowaua watetezi wa ukombozi wa Afrika. Nilikisoma kwa usiku mmoja na sikujuta. Musiba anajua kukata sura pale mkono unapogusa kitasa.

Tatizo langu na Willy ni kwamba adui yake anajulikana tangu mwanzo: ni Kaburu na vibaraka wake, na kilichobaki ni kumfikia na kummaliza. Riwaya hizo ziliandikwa wakati ambapo hasira hiyo ilikuwa na haki yake. Lakini msomaji wa Beni amekwisha kuona wanaume wengi wenye bunduki wanaojua adui ni nani. Kilichokosekana hakikuwa risasi.

Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma aliyefariki mwaka 2008, ana ulimi mtamu zaidi. Joram Kiango wake ni mcheshi, mvivu wa makusudi, na hatari. Katika *Tutarudi na Roho Zetu?* anaingia na mwenzake Nuru ndani ya Afrika Kusini ya ubaguzi, na kuna kurasa unazozisoma ukiwa umesahau kupumua. Hata hivyo alama ya kuuliza ya jina lile hainidanganyi. Joram atarudi, maana kuna kitabu kingine kinamsubiri. Hofu ya kweli huja pale mhusika anapoweza kushindwa, na Mtobwa alimpenda mno kijana wake asiweze kumwacha ashindwe.

Kinshasa ya Ngoye, Kivu ya le Carré

Kwa upande wa Kifaransa, ninayemsifu kuliko wote ni Mkongomani mwenzetu Achille Ngoye. Mwaka 1996, kwa *Agence Black Bafoussa*, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika *Série noire* ya Gallimard, mkusanyo ulioanzishwa mwaka 1945. Miaka miwili baadaye akatoa *Sorcellerie à bout portant*: mtu anarudi Kinshasa kutoka Ufaransa kwa msiba wa ndugu yake mwanajeshi, na maelezo ya kifo hicho hayakai sawa. Hapa mpelelezi hana kibali, hana ofisi, hana Inspekta Seif. Ana msiba tu. Kila karatasi ina bei, kila mlango una mlinzi anayetaka "ya sigara", na kila anayejua kitu anakizungusha kwa mzaha. Nilicheka sana, kisha nikagundua kwamba kicheko ndicho kilichokuwa kikificha ushahidi. Ni mbinu ya Abdulla, ikiwa na pilipili ya Kinshasa.

John le Carré alitufikia karibu zaidi. *The Mission Song* ya mwaka 2006, inayosomwa huku kwa Kifaransa kama *Le Chant de la mission*, inamhusu Salvo, mkalimani aliyezaliwa na mmisionari wa Ireland na mama Mkongomani. Anaajiriwa kutafsiri katika mkutano wa siri unaoigawa Kivu. Kuna sura ambayo ameketi chini ya nyumba, vipokea sauti masikioni, anamsikia kijana wa ukoo wa kitajiri wa kibiashara akiteswa. Haoni kitu. Anasikia tu, na kazi yake ni kuelewa. Sijasoma ukurasa unaoeleza vizuri zaidi hali ya raia wa Kivu: anayesikia yote na hapaswi kusema lolote. Kasoro ni kwamba Kivu yenyewe ipo mbali, inazungumzwa na watu waliokaa kisiwani Ulaya.

Georges Simenon alipita Kongo mwaka 1932, na mwaka 1937 akatoa *Le Blanc à lunettes*. Kiacheni rafuni, ndani yake Mkongomani ni samani ya barazani. Bora someni Maigret wake wa Paris. Yule hachukui alama za vidole kwanza, bali huuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, alikula wapi, alimdai nani. Ni heshima ambayo wafu wetu hawajaipata.

Mpelelezi wetu atoke wapi?

Beni bado inamsubiri Bwana Msa wake, na nina maoni kuhusu atakavyokuwa. Asiwe mzungu aliyeshuka kwenye ndege. Asiwe afisa, maana hakuna atakayemwamini. Awe nesi, au mkuu wa avenyu, au mama anayeuza mahindi sokoni: mtu ambaye wengine huongea mbele yake bila kumwona. Atazungumza Kinande na mjane, Kiswahili na dereva wa pikipiki, Kifaransa na hakimu, na Lingala na askari, na atakuwa amejifunza kwamba mtu hubadili lugha pale anapotaka kukimbia swali.

Kisa nacho hakihitaji kutafutwa mbali. Katika vijiji vya Beni watu wamekimbia wakaacha mikakao imezaa. Msimu ukifika, kakao hiyo huvunwa, hukaushwa, hutiwa magunia na kuuzwa. Nani anaivuna? Nani anainunua bila kuuliza mwenye shamba yuko wapi? Bwana Msa angeanza hapo hapo, kwenye faida, kama alivyoanza mzimuni zaidi ya miaka sitini iliyopita.

Kijana wa Butembo au Beni mwenye kalamu basi afuate gunia moja tu, kutoka shamba la marehemu hadi mizani ya mnunuzi hadi barabara ya Kasindi, na alifuate kwa uvumilivu wa Maigret na mzaha wa Ngoye. Jina la muuaji atalitunga. Njia ya gunia asiitunge.