SS: seli shina zinaponya, lakini dawa bado iko mbali na watoto wa Congo

Katika familia nyingi za mashariki mwa Congo, herufi mbili zinatosha kuleta hofu nyumbani: SS. Ndivyo watu walivyozoea kuuita ugonjwa wa drepanositozi, au seli mundu. Mtoto analia usiku kwa maumivu ya mifupa, macho yanageuka manjano, na safari ya hospitali kutiwa damu inaanza upya.

Kuna wanaosingizia uchawi. Ukweli ni kwamba ugonjwa huu unarithiwa. Baba na mama wote wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto SS. Congo, pamoja na Nigeria na India, ni kati ya nchi ambako watoto wengi zaidi huzaliwa nao.

Chanzo kiko ndani ya mifupa. Katika uboho kuna seli shina, ambazo ni kama mama wa seli zote za damu. Za mgonjwa wa SS hutengeneza seli nyekundu zinazojikunja kama mundu, kuziba mishipa midogo na kufa mapema. Kumtia mgonjwa damu kunasaidia kwa muda tu, kwani zile seli shina zinabaki zilezile. Ndiyo maana watafiti wameamua kushughulikia seli shina zenyewe.

Njia ya kwanza ni kupandikiza uboho wa ndugu mwenye afya. Imeponya wagonjwa tangu miaka ya 1980, hasa watoto. Tatizo ni kumpata ndugu huyo: kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana kabisa na mgonjwa.

Njia ya pili haihitaji ndugu. Julai 2019, Victoria Gray, Mmarekani mwenye miaka 34 wakati huo, alirudishiwa seli shina zake mwenyewe baada ya kurekebishwa katika maabara. Maumivu makali yaliyomsumbua tangu utotoni yalikoma. Uingereza iliruhusu tiba hiyo, iitwayo Casgevy, mwezi Novemba 2023, na Marekani ikafuata Desemba.

Lakini bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tena si sindano ya siku moja. Kabla ya kurudishiwa seli, mgonjwa hupewa dawa kali za kuondoa uboho wa zamani. Hulazwa wiki kadhaa bila kinga ya mwili, na dawa hizo zinaweza kumzuia kupata watoto baadaye.

Hata hivyo Afrika haijakaa kimya. Kwa mkaaji wa Kalemie, Tanzania iko ng'ambo ya ziwa tu, na huko Dodoma Hospitali ya Benjamin Mkapa imeanza kupandikiza uboho kwa watoto wenye seli mundu.

Wakati huohuo, wazazi wanapaswa kujihadhari na wanaouza unga wa kunywa kwa jina la seli shina. Seli za kutibu SS hutiwa kwenye mshipa, hospitalini, baada ya maandalizi makubwa. Unga unaopita tumboni hauwezi kufika kwenye uboho na kutengeneza damu mpya. Anayeuza shamba ili aununue anapoteza shamba, na mtoto anabaki mgonjwa.

Kuna mambo yanayookoa maisha tangu leo. Kipimo cha elektroforezi kabla ya ndoa huwaonyesha wachumba kama wote ni AS. Mtoto akigunduliwa mapema, penisilini, chanjo na kinga ya malaria humkinga na maambukizi yanayoua wengi wangali wadogo. Dawa ya hidroksiurea hupunguza maumivu na haja ya kutiwa damu.

Watoto wanaolindwa hivyo sasa ndio watakaokuwa hai siku ile tiba ya seli shina itakapofika Goma, Bukavu na Bunia.