Ayub Ogada: Nianze na albamu ipi?

Mwezi uliopita nilikwenda Kitengela kumtazama dadangu. Basi la Mombasa lilinishusha Athi River alfajiri, nikadandia matatu ya barabara ya Namanga. Hata chai sijainywa, mwanawe akanijia na simu mkononi. "Shikamoo, mjomba. Nina pesa ya albamu moja tu ya Ayub Ogada. Nianze na ipi?"

Msomaji wangu, swali hili si dogo kwa kijana huyu. Babake, Mola amrehemu, alikuwa Mjaluo aliyekuja kufanya kazi Mombasa, akasilimu, akamuoa dadangu. Alifariki mtoto ana miaka 6. Leo mtoto ana miaka 19. Kiswahili anacho, Sheng anayo, hata Kimaasai cha sokoni anakijua kidogo. Kijaluo hana. Alitaka kuisikia lugha ya babake kwenye kitu kizuri, si kwenye mazishi tu.

Tena nina deni la zamani. Rafiki yangu mmoja aliwahi kuniuliza hivyo hivyo, nikampa albamu niliyokuwa nayo karibu. Akaisikiliza nusu, akanirudishia, mpaka leo hataki kusikia habari zake. Wazee walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Ukikosea mwanzo, hiyo ngoma haichezwi.

Kwanza tumjue mwenyewe. Ayub Ogada, ambaye pia alijulikana kwa jina la Job Seda, alizaliwa hapa hapa kwetu Mombasa mwaka 1956. Utotoni alikaa Marekani na wazazi wake, ambao nao walikuwa wanamuziki. Miaka ya 1970 alipiga na bendi ya Black Savage, vijana wa Nairobi waliochanganya roki na nyimbo za nyumbani, kisha akawa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band. Alicheza pia katika filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985, ile ya shamba lililo chini ya Vilima vya Ngong, vilima ambavyo leo viko Kaunti ya Kajiado. Baadaye akaenda Uingereza na nyatiti yake, akawa anapiga barabarani mjini London, hadi akaalikwa kwenye tamasha la WOMAD mwaka 1988. Hapo ndipo njia ya kwenda studio za Real World, za mwanamuziki Peter Gabriel, ilipofunguka.

Sasa jibu. Anza na En Mana Kuoyo, iliyotoka mwaka 1993. Jina lake maana yake ni "ni mchanga tu". Ina nyimbo 10, na sababu ya kuanza nayo ni kwamba haina msongamano. Sauti ya mtu iko mbele, nyatiti iko chini yake, na vyombo vingine ni vichache. Anayezoea taarabu na fidla zake atadhani kuna kitu kimesahauliwa. Asubiri.

Nyatiti ni ala ya nyuzi 8. Mpigaji wa jadi hukaa chini kwenye kigoda, huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kugonga nayo ala yenyewe, na njuga huzivaa mguuni. Mtu mmoja, basi, ni mpiga nyuzi, mpiga ngoma na mwimbaji. Mara ya kwanza fuata nyuzi, mara ya pili fuata sauti. Maneno yaache ya mwisho.

Usianze na Kodhi ya mwaka 2015, aliyoifanya na mpiga gitaa Trevor Warren. Ni kazi nzuri, na ndiyo niliyompa yule rafiki yangu. Lakini humo Ogada anazungumza na mtu mwingine, na mazungumzo ya watu wawili huyafurahii kama hata mmoja wao humjui. Usianze na Black Savage pia. Hiyo itakufaa ukishataka kujua alikotoka. Na usichukue wimbo mmoja wa Kothbiro uliosikika kwenye filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005 ukadhani umemmaliza.

Kijana akanunua. Jumamosi tukashuka Kajiado mjini kwa rafiki wa marehemu babake, mzee wa Kijaluo, fundi wa magari, anayeishi huko miaka mingi. Tukakaa nje ya gereji, simu juu ya debe. Ulipofika Kothbiro, mzee akaweka spana chini. Akamweleza kijana: koth ni mvua, biro ni inakuja. Watoto wanaitwa wawarudishe ng'ombe nyumbani kabla haijanyesha.

Jirani yake Mmaasai alikuwa amesimama pale akisubiri gari lake. Aliuliza wimbo unasema nini, akaambiwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mwaka 2022 wangempigia wimbo huo angelia, maana ng'ombe walikuwapo na mvua haikuja, mpaka ng'ombe nao wakaisha.

Mzee akamgeukia kijana. "Babako aliupenda huu. Alikuwa akiuimba vibaya sana." Tukacheka sote, kijana akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Ayub Ogada alifariki Februari 2019 nyumbani kwake Nyahera, Kisumu. Mzaliwa wa Mombasa, na wengi wetu Pwani hatumjui. Ukiwa na pesa ya albamu moja, inunue hiyo ya mwaka 1993, uinunue kwa halali. Ukiwa na mzee wa Kijaluo mtaani kwako, mpelekee muisikilize pamoja. Kijana wangu sasa anajua maneno kumi na matatu ya Kijaluo. Amenihesabia kwa simu jana usiku.